Marehemu Aombwa Kuketi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimeshika kitasa cha mlango wa nyumbani kwetu, na upande wa pili wa mlango amesimama mjomba wangu na sanduku lake la vyuma, akiuliza kwa nini picha yake ukutani imefungwa kitambaa cheusi.

Kwa aliyelikosa gazeti: mjomba wangu alikuwa amekufa. Alikufa miezi mitatu kabla, magaidi walipolipua stesheni ya reli, na mimi ndiye niliyemwandika. Mimi ni karani wa kumbukumbu katika Tume ya Uchunguzi. Orodha ya waliokufa, watu sitini na mmoja, niliipiga chapa kwa vidole hivi hivi, na mjomba alikuwa namba arobaini na tatu. Tulimzika. Kisha akabisha hodi.

Nilimkaribisha ndani. Sikujua ningefanya nini kingine.

Mama alitoka jikoni, na alipomwona sufuria ikamtoka mkononi. Hakupiga kelele. Alimshika mdogo wake masikio yote mawili, kama mtoto anayekataa kuogeshwa, akamtazama mpaka mjomba akalalamika kwamba anaumia. Ndipo Mama akalia.

Mjomba ni fundi wa mizani. Huzunguka kwenye maghala ya mbali akirekebisha mizani za kupimia magunia, na huko alikokuwa simu haishiki. Habari za mlipuko zilimfikia. Habari za kifo chake hazikumfikia.

Alipokwisha kunywa chai alitaka kujua nani walikuja mazikoni. Nilimtajia mmoja mmoja. Akauliza kama yule mshindani wake, fundi mizani wa mtaa wa pili, alikuja. Nikasema alikuja, na alizungumza vizuri sana juu yake. Mjomba akanuna. Alisema sasa itabidi amheshimu yule mtu maisha yake yote.

Kisha akaomba kuona hotuba aliyoisoma Mama mazikoni. Ilisema marehemu hakuwahi kudanganya mtu hata siku moja. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni.

Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, mikono magotini. Kuna swali lilikuwa limenikaa kooni tangu nifungue mlango.

"Mjomba," nikasema, "kama wewe uko hapa, tulimzika nani?"

Mama aliinuka akaenda kuokota sufuria.

Ngoja niwaeleze habari ya koti.

Mama ana kawaida moja ambayo sijaiona katika nyumba nyingine. Zamani dobi aliwahi kupoteza koti la marehemu baba, na tangu siku hiyo kila koti linaloingia kwetu hushonwa jina kamili la mwenyewe ndani ya ukosi, kwa uzi mwekundu, pamoja na namba ya nyumba. Hata koti langu la chuoni lilikuwa hivyo. Wenzangu walinicheka miaka mitatu.

Asubuhi ile stesheni, mjomba alisimulia, alikaa benchi moja na kijana fundi vioo. Kijana alikuwa na kioo kikubwa amekifunga blanketi, mwenyewe amevaa shati tu, na alikuwa anakohoa mpaka benchi zima linatikisika. Blanketi kampa kioo, mjomba alisema, yeye kabaki na baridi. Mjomba kwanza akakivua kioo blanketi kwa mzaha, kisha akavua koti lake mwenyewe akampa kijana. Walikubaliana atalirudisha mjomba akirudi. Treni ya mjomba ikaondoka. Ya kijana ilikuwa imechelewa.

Hivyo mochwari walileta koti lenye jina la mjomba wangu kwa uzi mwekundu wa mama yangu.

Na hapa ndipo pa kuungama, maana tangu wiki ya kwanza nimekuwa nikizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Fomu ya Tume ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza: kitu kilichopatikana. Nikaandika koti. Wa pili: jina na saini ya ndugu aliyemtambua marehemu kwa macho. Mhudumu wa mochwari aliniuliza kama niko tayari. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Akafunua. Mimi nikatazama vigae vya ukutani. Vilikuwa vya kijani, kimoja kimepasuka. Akauliza kama ni yeye. Nikatikisa kichwa tena.

Nikasaini kama karani, nikasaini kama ndugu.

Sikumwona. Niliogopa. Hiyo ndiyo siri yangu, na ninyi si watu wa kwanza kuijua. Wa kwanza nitawafikia.

Sasa sikieni kwa nini hadithi ya mjomba iliniogofya kuliko kurudi kwake.

Kila siku ya kazi, kwa karibu miezi mitatu, mama mmoja alikuwa akija mapokezi ya Tume. Alikuwa mwembamba, mpole, anasubiri zamu hata kama yuko peke yake. Alikuwa anamtafuta mwanawe. Aliishi mbali, na mwanawe kwa kazi yake alikuwa mtu wa kusafiri, hivyo alichelewa siku kadhaa kuanza kumwulizia. Alipofika, Tume ilikuwa imeshatangaza kwa fahari kwamba hakuna hata mwili mmoja uliobaki bila jina. Kazi yangu ilikuwa kufungua orodha, kupitisha kidole, na kumwambia mwanao hayumo.

Kila siku nilimpa maji ya kunywa. Kila siku nilimwambia hayumo. Na kila siku aliniambia neno lile lile, kwamba mwanawe ni fundi vioo, labda tumemwandika kwa kazi.

Nyumbani sikuwahi kumtaja. Watumishi wa Tume tulikula kiapo cha siri, na mimi ni mtu wa kushika kiapo.

Kesho yake nilimchukua mjomba mpaka ofisini kwa Katibu wa Tume.

Katibu ni mtu nadhifu, meza yake haina hata klipu. Ofisini ananiita Sauti Ndogo. Alipomwona mjomba akaanza kumwamkia, kwa kuwa mjomba amemzidi umri, lakini shikamoo ikaishia njiani. Alikuwa ametambua uso. Ulikuwa ukurasa wa thelathini na moja wa ripoti yake.

Akanigeukia mimi.

"Mwambie marehemu aketi."

Mjomba akaketi. Akasema anashukuru. Katibu akaniuliza marehemu amesema nini. Nikasema ameshukuru.

Nilieleza yote: koti, kijana, yule mama wa mapokezi. Sauti yangu ilikuwa ikikatika lakini nilifika mwisho. Nilisema hata habari ya vigae. Katibu alisikiliza akiwa amefumbata vidole. Kisha akatoa ripoti kabatini, akaifungua, akamsogezea mjomba aone mwenyewe muhuri.

Ripoti ilikuwa imeshakabidhiwa, alisema. Kusahihisha kunawezekana, Tume si watu wa kukataa ukweli. Kuna fomu. Fomu huombwa na mhusika mwenyewe. Mjomba akanyoosha mkono kuipokea. Katibu akairudisha kwake taratibu. Mhusika, alinikumbusha mimi, amefariki. Mhusika akiwa amefariki, fomu huombwa na mkuu wa familia, ambaye lazima aape kwamba utambuzi wa kwanza ulikuwa wa uongo. Na utambuzi wa uongo ni kosa la jinai.

"Kwa hiyo mama yako aje aseme wewe ni mwongo, nasi tutakupeleka mahakamani, halafu marehemu atakuwa huru kuishi," alisema. "Ni jambo la siku chache."

Mjomba akauliza kwani hata yeye mwenyewe, aliyekaa hapa, si ushahidi. Katibu akafikiri kwa uaminifu kabisa. Akasema ni ushahidi mzuri, ila hauwezi kupokelewa, kwa sababu Tume haina utaratibu wa kuhoji shahidi aliyefariki.

Kisha akalegea kidogo. Alifunga mlango. Aliniambia nchi hii ina watu wanaosubiri kosa moja tu. Wakipata moja watasema yote sitini na moja ni uongo, watasema hakuna bomu, watasema hakuna hata stesheni. Je, marehemu hawezi kurudi maghalani kwa mwaka mmoja, miwili, mpaka ripoti izoeleke? Angempa barua ya kusafiria, kwa jina jingine.

"Jina gani?" mjomba akauliza.

Katibu akasema lolote, mradi halimo kwenye orodha.

Mjomba alitoka mle ndani amenyooka kama aliyetukanwa. Mimi nilitoka na fomu ndani ya mkoba.

Mama aliisoma fomu jikoni, amesimama. Akafika pale penye kiapo. Akaikunja mara nne, akaiweka chini ya kopo la majani ya chai.

"Siwezi kukupeleka jela kwa kalamu yangu," alisema. Nikamwambia kuna mama mwingine anasubiri. Nilivunja kiapo, nikamweleza habari za yule mama kwa maneno mawili matatu, ila sikutaja kwamba huja kila siku tangu mwanzo. Mama akageuka akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Lakini mambo hayakusubiri kalamu ya Mama, kwa sababu mjomba alikwenda kunyoa ndevu.

Kinyozi wetu yuko nyumba ya tatu. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa wasioamini katika mtaa wetu. Kwake yeye hakuna aliyekufa stesheni. Ililipuliwa tupu, waombolezaji walikodiwa, na magaidi waliojisifu redioni ni waigizaji. Kwenye mazishi yetu alibeba jeneza kona ya mbele, akalia kuliko wengi, na tangu siku hiyo amekuwa akisema lilikuwa jepesi mno.

Nilitaka sana kumchukia nikashindwa. Kuna jambo alikuwa akilisema ambalo ni kweli. Ukurasa wa kwanza wa ripoti unasema saa ya stesheni ilisimamishwa na kishindo, saa mbili na dakika kumi asubuhi, na Tume imeichukua kuwa ndiyo saa ya mlipuko. Ile saa ilisimama mimi nikiwa shule ya msingi. Mji mzima unajua. Nilimwambia Katibu wakati napiga chapa ukurasa ule, kwa sauti yangu hii, naye akasema sentensi imekaa vizuri, tusiiharibu.

Ukishadanganya kuhusu saa, nani atakuamini kuhusu watu?

Basi mjomba akaingia, akakaa kwenye kiti cha kinyozi, akaomba ndevu. Kinyozi akamtazama kwenye kioo. Akaweka mkasi chini. Akatoka nje kuita watu.

Ndani ya saa moja kibanda kilijaa. Walimshangilia mjomba kama mchezaji aliyefunga bao. Huyu hapa, kinyozi alisema, namba arobaini na tatu, anataka kunyolewa. Mkiwaona na wale sitini wengine waleteni, nitawanyoa bure.

Mjomba alifurahi siku mbili. Alinyolewa mara tano. Kila alipotaka kueleza habari za kijana fundi vioo walimwambia asichoke, wameshaelewa, hakuna kijana, kijana ni sehemu ya mpango.

Siku ya tatu wateja wa jioni wakaanza kutofautiana na wateja wa asubuhi. Wa jioni walisema wenzao ni wepesi. Mjomba wa kweli, walisema, alikufa, tena hakufa stesheni, aliuawa kwa sababu aliona kitu. Huyu ni mtu mwingine aliyefundishwa na serikali. Wakaleta picha yetu ya ukutani. Wakampima masikio kwa rula. Sikio la kushoto lilizidi kidogo lile la kwenye picha.

Wakampa mtihani. Kuna mizani mbovu ya duka la jirani, airekebishe kama ni fundi kweli. Mjomba alikaa kwenye ngazi, akafungua vyuma vyake, akaitengeneza kwa dakika tano. Wa jioni wakatazamana. Haraka mno, walisema. Huyo amefunzwa.

Alirudi nyumbani amebeba picha yake kwapani.

"Serikalini nimekufa," aliniambia, "na hapa mtaani sikuwahi kuzaliwa. Sasa nikale wapi, mwanangu?"

Nilicheka, kisha nikaona kwamba yeye hacheki.

Wiki hiyo yule mama wa mapokezi alikuja kama kawaida, lakini hakuniuliza kuhusu orodha. Aliniambia amesikia kuna mtu aliyekuwa kwenye orodha na ameonekana mzima. Watu wa kwa kinyozi walikuwa wamemtafuta wenyewe. Walimwambia mwanawe naye yuko hai, amefichwa, serikali itawatoa wote polepole. Alikuwa amevaa gauni jipya. Alikuwa amenunua dawa ya kikohozi.

Chupa aliiweka juu ya meza yangu anionyeshe.

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilimpa maji.

Naomba mnihukumu kwa hilo, si kwa vigae tu.

Ijumaa Katibu aliniita. Kwa ajili ya kelele za mtaani, Tume ingefanya kikao cha hadhara cha kujenga imani, kesho yake asubuhi, ukumbi wa mji. Majina sitini na moja yangesomwa yote, familia zikisimama moja moja. Msomaji ningekuwa mimi. Nilimwambia siwezi, mimi naogopa hata kuagiza chakula hotelini. Akasema ndiyo sababu. Sauti ndogo haichochei watu.

Namba arobaini na tatu je? Niisome kama ilivyo, alisema, na familia yetu isimame kwa heshima. Marehemu abaki nyumbani.

Marehemu hakubaki nyumbani. Alikuja na koti la kuazima, akakaa mstari wa nne na Mama. Kinyozi na watu wake walijaa nyuma, wa asubuhi upande wa dirishani na wa jioni upande wa mlango, hawasalimiani. Yule mama alikaa mstari wa pili na lile gauni lake, mkoba magotini. Najua kilichokuwa ndani ya mkoba.

Nilishika kipaza sauti kwa mikono miwili. Nikasoma namba moja. Bibi mmoja akasimama na wajukuu wake, wakaketi. Namba mbili. Namba tatu. Nyuma walianza kunong'ona, kila jina wakalirukia kwamba huyu naye wa kubuni, lakini watu walikuwa wakisimama, na ni vigumu kunong'ona juu ya mtu aliyesimama. Nilipofika ishirini walinyamaza. Niliyajua majina yale kuliko jina langu. Niliyapiga chapa mara tisa.

Arobaini na mbili. Mwanamume na mapacha wake wakasimama, wakaketi.

Nikatazama karatasi. Jina la mjomba wangu lilikuwa pale. Nikainua macho nikamwona yule mama, amenikazia macho kwa upole ule ule wa kusubiri zamu.

"Hapa niliandika uongo," nikasema.

Kipaza sauti kilikuwa kizuri. Sauti ilifika mpaka mlangoni.

Nikasema yote. Namba arobaini na tatu si mjomba wangu, mjomba wangu amekaa pale. Ni kijana fundi vioo aliyekuwa anakohoa, akapewa koti. Nilisaini kwamba nimemwona na sikumwona. Waliokufa ni sitini na mmoja kweli, nimeshika karatasi ya kila mmoja, na huyu ni mmoja wao, na mama yake yuko humu.

Nyuma wakalipuka kwa makofi. Kinyozi alikuwa amepanda juu ya kiti. Amekiri, alisema, mmesikia wenyewe, karani wa Tume amekiri ni uongo. Nilijaribu kusema nimekiri jina moja, si mlipuko. Hakuna aliyenisikia. Katibu alikuwa amefunika uso kwa ripoti.

Ndipo yule mama akasimama, na kwa sababu hakupaza sauti, watu wakanyamaza wamsikie.

"Miezi mitatu unaniambia hayumo," aliniambia. "Leo jina limepungua kwenye hesabu yenu, ndiyo mnachukua la mwanangu mjazie?"

Ningekuwa yeye, hata mimi nisingeamini.

Mjomba akasimama akaanza kueleza habari za benchi na kioo na blanketi. Yule mama akamwomba radhi, akamwambia yeye hajui hata kama ni mtu wa kweli, maana mtaani wanasema siye. Mjomba akaketi.

Kisha Mama yangu akainuka. Sijawahi kumwona Mama akisema mbele ya watu zaidi ya siku ile ya hotuba.

"Mimi nilimwona," alisema.

Alisema jeneza lililetwa limefungwa, na akaomba aachwe nalo peke yake. Alikuwa na soksi za ndugu yake. Ndugu yake tangu utotoni hulalamika baridi ya miguu, na hakutaka azikwe bila soksi. Akafungua. Sura hataisema mbele ya mzazi. Lakini miguu ilikuwa mizima, na haikuwa miguu ya ndugu yake.

Hata wale wa upande wa mlango walikuwa wamesogea mbele wamsikie.

"Binti yangu alikuwa ameshasaini," Mama aliendelea. "Nilimvalisha soksi yule kijana. Nikajiambia ana mama mahali, atakuja kumwulizia, siku hiyo nitasema. Nilisubiri. Hakuja mtu kwetu, na nilipomsikia nikanyamaza kwa ajili ya binti yangu."

"Nilikuja kila siku," yule mama akasema. "Nilikuwa kwa binti yako."

Mama akanitazama. Nikatazama karatasi yangu.

Yule mama akatoka kwenye mstari wake, akaenda mpaka mbele ya Mama. Akamwuliza kwa sauti ya chini, lakini kimya kilikuwa kikubwa tukasikia sote, mguu wa kushoto wa mwanawe ulikuwaje. Hilo hakuwahi kuliandika kwenye fomu yetu yoyote. Fomu haikuwa na mstari wake.

Mama aliinua mkono, akaonyesha vidole vinne.

Yule mama akavitazama vile vidole. Akavishika, kimoja kimoja, kama anayehakikisha hesabu. Kisha akakaa pale pale sakafuni, na mkoba ukamdondoka.

Nilidhani sasa limekwisha. Nilidhani hata mtu wa kibandani angeamini.

Kinyozi alishuka kwenye kiti. Akasema, kwa huzuni ya kweli nadhani, kwamba hao wamefanya mazoezi. Wamepanga mpaka vidole. Na Katibu, ambaye kwa miezi mitatu hakuwahi kukubaliana na kinyozi hata juu ya siku ya wiki, akakohoa akasema hoja ya huyu bwana ina msingi. Ushahidi huu haukutolewa kwa kiapo. Tena kufungua jeneza lenye muhuri wa Tume ni kosa lenye kifungu chake. Italazimu iundwe kamati ndogo imchunguze mama huyu.

Kwa mara ya kwanza watu wa kinyozi nyuma na watu wa Tume mbele walipigiana makofi.

Katibu akawapungia askari wawili, wakaja kumchukua Mama. Walikuwa na adabu, mmoja alimwita mama. Mjomba aliwazuia njia, wakamwuliza yeye ni nani wake, na kitambulisho kiko wapi. Kitambulisho chake kilifutwa wiki ya mazishi. Mimi ndiye niliyepeleka fomu.

Lakini hawakuweza kumwondoa. Yule mama alikuwa ameinuka kutoka sakafuni na kumshika Mama mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Huyu ni wangu," aliwaambia askari. "Ndiye wa mwisho kumvalisha mwanangu. Haendi mahali mpaka anieleze yote."

Askari wakamvuta Mama upande mmoja, yeye akamvuta upande wa pili, bila kelele, kama watu wanaokunja shuka. Hatua kwa hatua walikuwa wakisogea kuelekea mlangoni, wote wanne.

Niliweka mguu kwenye ngazi ya jukwaa nishuke. Katibu akanishika kiwiko. Akaninong'oneza kwamba nikishuka sasa, familia zilizobaki zitakuwa hazikusomewa, na kesho watasema nao hawakufa.

Nikatazama mbele. Yalibaki majina kumi na manane. Namba arobaini na nne ni msichana wa shule, na baba yake alikuwa ameshasimama, peke yake, kofia mkononi, ananitazama mdomoni. Nyuma yake, mlangoni, niliona mkono wa Mama ukishika fremu.

"Soma," Katibu alisema. "Arobaini na nne."